Sura ya Nne

Mhariri ameniandikia kutoka Wandegeya:
"Daktari, punguza Kilatini.
Msomaji wako ni muuza vocha,
ni mwalimu wa chekechea,
ni mama anayengoja zamu yake kwa fundi cherehani.
Mpe sentensi atakayoibeba mkononi
kama mtu abebavyo yai."

Mimi si daktari. Ni tabibu wa magonjwa ya akili,
diploma moja, baiskeli moja, wilaya nzima.
Lakini Nantongo humwita kila mtu daktari
hasa akitaka kumkata kurasa.

Basi usiku, umeme wa Arua ukishakwenda zake,
nakaa na taa ya sola
na kamusi iliyong'oka kurasa za M,
natafuta neno.
Sonona, yasema kamusi. Neno safi, limepigwa pasi.
Ila hajaingia mtu zahanati akaniambia, "Nina sonona."
Huja wakasema kichwa kinatokota.
Huja wakasema kuna mchwa kifuani, wanakula usiku.
Mmoja alisema, "Nachoka kabla sijaamka,"
nami nikajaza faili:
usingizi, hamu ya kula, wiki sita.

Huyo ni Candiru, muuza unga wa muhogo
upande wa soko unaoteremkia mto Enyau.
Nilimtia sura ya nne.
Nikambadilisha jina, nikamfanya muuza samaki,
nikampunguzia mtoto mmoja asije akatambulika.
Nilipofika chini ya ukurasa ndipo nilipoona:
mtoto niliyempunguza
ndiye yule waliyemzika Machi.
Bila yeye ugonjwa umekuja tu,
mvua isiyo na wingu.

Asubuhi nikaendesha baiskeli kwenda kuomba ruhusa.
Hasomi. Nikamsomea pale pale, kati ya magunia,
yeye akichekecha, unga ukimpaka nyusi.
Nilipofika "mgonjwa alilia kutwa nzima"
chekeche likasimama.

"Kulia nililia. Lakini siku ile ile
Onzima alianguka na pikipiki mbele ya kibanda changu,
trei tatu za mayai, matope mpaka masikioni,
akaamka ana ganda moja juu ya kofia.
Nilicheka nikaona haya. Mbona hukuandika?
Atakayesoma atadhani mwenye ugonjwa huu hacheki.
Siku atakayocheka atasema, kumbe siumwi,
atatupa vidonge chooni."

Miaka kumi na minne natibu.
Hilo sikulisoma popote.

"Na Ezati mrudishe," akasema,
chekeche limeshaanza tena.
"Mimi niite utakavyo, niuzishe samaki ukipenda.
Yeye mwache na jina lake."

Nikaandika upya siku tatu.
Nikaeleza kwamba dawa haifanyi kazi siku ya kwanza,
kwamba mdomo utakauka, kunywa maji,
kwamba usiache kwa sababu jumapili moja ilikuwa nzuri.
Nikayaweka mayai yote, na kofia.
Nikamwandika Ezati, herufi tano, katikati ya mstari,
mkono ukawa mzito kama unaandika cheti.

Nantongo amejibu jana:
"Mayai yabaki. Neno sonona libaki pia,
lakini lije baada ya mchwa.
Sura ya saba iko wapi?"

Sura ya saba ina kichwa tu: Anayesikiliza.
Ni ya wauguzi, ya matabibu,
ya yeyote arudiye nyumbani na maneno ya watu
yamemganda kama unga kwenye nyusi.
Chini ya kichwa, weupe.
Nimeuangalia weupe huo tangu kiangazi.
Mke wangu husema natembea usiku;
mimi husema natafuta neno.

Taa inafifia. Mbwa wa jirani amenyamaza.
Nachukua kalamu ile ya kujazia mafaili.
Usingizi, naandika.
Hamu ya kula.
Naanza kuhesabu wiki.