Sindano ya Mama Musau

Alikuwa na sindano mbili za kufumia,
moja ya sweta, moja ya kazi,
na wageni hawakujua ipi ni ipi.
Mimi nilijua. Ya kazi ilikuwa imepinda kidogo
kama kidole kilichozoea kuonyesha.

Ghorofa ya pili, ofisi za kampuni, Lubumbashi,
miaka ambayo mshahara ulikuwa bado unafika siku yake.
Dirishani, bomba la tanuru na kilima cheusi cha taka zake;
ndani, kadi elfu kumi na moja na ushei,
kila moja imetobolewa pembeni pande zote
kama biskuti.

Nilitumwa kwake kupeleka barua, akanibakiza.
"Hapa hatutunzi vitabu," alisema.
"Kitabu kinajua kukaa chenyewe. Tunatunza maswali."
Akanipa koleo: tundu la shaba, kata;
tundu la asidi, kata; la kobalti, liache zima.
Ukikosea mkato mmoja umemzika mtu hai,
na hakuna atakayemsikia akigonga.

Mhandisi akija na pampu yake iliyoliwa na asidi,
Mama Musau alichoma sindano kwenye bunda,
akainua, akatikisa,
na zilizokatwa zikadondoka mezani
kama kumbikumbi waliochoka mbawa.
Wahandisi wakacheka, wakaita uchawi.
"Uchawi," alisema bila kuinua macho, "hauna faharasa."

Shaba ilikuwa na namba yake: sita sita tisa, nukta, tatu.
Kila kitu kilikuwa na namba,
kwa sababu mtu mmoja, mbali huko,
aliamua dunia itatosha ndani ya tarakimu kumi.
Hakuwahi kusikia neno *bulongo*
kinywani mwa mama wa Katuba anayepanda mihogo juu yake.
Basi pembeni mwa kadi, kwa penseli, kwa herufi ndogo,
Mama Musau alijiongezea yake:
*bulongo. moshi wa usiku. kikohozi.*

Jumanne moja akaja Donasyano Ngosa wa tanuruni.
Alisimama mlangoni, kofia mkononi,
hakutaka kukanyaga sakafu iliyong'aa.
"Mdogo wangu anakohoa, mama.
Kuna karatasi inayosema kwa nini?"

Mwenye ovaroli hakuwahi kutuuliza kitu.

Swali lake lilihitaji matundu mawili.
Akachomoa sindano ya pili kutoka kwenye sweta,
mishono ikabaki wazi, midomo midogo midogo,
moja akaipitisha kwenye *vumbi*, nyingine kwenye *mapafu*,
akatikisa.

Zikaanguka tatu.
Mbili za Kijerumani, za migodi ya watu wengine.
Ya tatu ilikuwa yetu, na muhuri mwekundu:
ripoti imefungiwa, kabati la mkurugenzi.

Ripoti haikuwa yake kuitoa.
Lakini kadi aliiandika yeye,
na nyuma ya kadi, kama kawaida yake,
muhtasari, mistari sita.
Akailaza mezani, maandishi yakielekea mlango.
"Nakwenda kuchota maji," alisema.

Mtungi ulikuwa umejaa.

Ngosa hakujua Kifaransa.
Alinitazama. Nilitazama mlango.
Kisha nikamsomea, mstari kwa mstari,
nikitafuta Kiswahili cha kila neno,
na maneno mengine hayakuwa nacho, nikayatengeneza palepale,
nikaona uso wake ukiyapokea.
Hivyo ndivyo nilivyoanza kazi. Zile barua hazikuwa kazi.

Mwezi uliofuata alihamishiwa ghala la ramani, chini,
kwa barua isiyotaja sababu.
Sweta aliimaliza hukohuko. Kiwikoni
kulikuwa na mstari uliofumuka, hakuurudia.

Leo nafundisha. Naandika neno,
mashine inajibu kabla sijameza mate,
na mkono wangu, ona, bado unatikisika kidogo
ukisubiri kitu kidondoke.
Wanafunzi huuliza kazi hii ni nini hasa.
Nawaeleza juu ya sindano, wanacheka, wanaandika.
Juu ya mtungi siwaambii,
mpaka mmoja wao aulize kadi ya tatu ilikwenda wapi.