Ukuta Uliokuja Umefungwa

Vilifika Kasese Alhamisi, juu ya malori,
vyumba vizima, na madirisha yake, na swichi zake,
hata ndoano ya kutundikia chandarua.
Watoto wa shule walihesabu kumi na kimoja.
Ramani yangu ilisema kumi na viwili.
Cha kumi na mbili, akasema Tumuhairwe mkandarasi,
kimelala Mubende, lori limekatika ekseli.

Kwanza niseme habari ya ramani.
Ilikaa mezani kwangu wiki tatu,
nikaisoma kwa kidole, kama mtu asomaye barua ya posa
ya binti asiye wake.
Ujia: kitanda cha magurudumu kinapita.
Milango: inafungukia nje, vyema.
Karatasi ya saba, nikashika kalamu nyekundu.
Bolti mbili kila pembe!
Mchoraji huyu hajalala Kasese
usiku ambao sufuria hushuka zenyewe kabatini
na mbuzi hulia kabla ya watu.
Nikaandika: nne. Nikaandika: nchi hii hutikisika.
Ramani ikarudi Kampala, ikaja tena na nne.

Lakini karatasi haina ubishi. Hukubali chochote.

Sasa ukuta.
Nyumba ya matofali hukua mbele ya macho yako,
leo msingi, kesho linta,
na fundi akificha kitu, jirani atakunong'oneza.
Hii imekuja imekwisha kuvaa,
imefunga vifungo hadi shingoni,
na kwenye kizingiti muhuri wa kiwandani, wa buluu:
IMEKAGULIWA.
Na nani? Kwa tochi gani? Kabla ya chakula cha mchana, au baada?
Nyumba usiyolala ndani huijui hila yake,
ndivyo tulivyoambiwa; hatukuambiwa
habari ya nyumba iliyosafiri usiku kucha,
barabara ikiigonga mbavu.

"Fungua huu," nikasema. Chumba cha tano, upande wa kaskazini.
Tumuhairwe akacheka, akatazama saa, akanyamaza.
Sista Kabugho, mkunga, hakunyamaza:
"Jana wawili wamejifungulia ujiani.
Mmoja nimempokea huku taa nimeiuma kwa meno.
Wewe unatafuta nini humo, dhahabu?"
Sikuwa na jibu. Nilikuwa na bisibisi.

Skrubu kumi na nane.
Ubao wa jasi ukatoka mzima.
Ndani: pamba ya kioo, bomba, na waya wa kwenda ardhini,
wa kijani na manjano, umeishia hewani,
shubiri moja kabla ya kisanduku chake.
Na juu ya chuma, kwa penseli, mwandiko wa mtu mwenye haraka:

Waya huu haukufika. Nimemwambia msimamizi. Opolot, Jumanne.

Alijua muhuri utakuja.
Alijua ubao utafunika maneno yake
kama udongo juu ya jina. Akaandika hata hivyo.
Kwa nani?

Tulifungua kuta zote, hata za kile chumba cha Mubende
kilichofika Jumatatu na vumbi lake.
Nyaya fupi zilikuwa tatu.
Bolti zilikuwa nne nne, nilizigusa moja moja.
Siku tisa. Sista Kabugho alinisalimia kwa nyusi tu,
na siku ya sita mtoto mwingine alizaliwa ujiani;
nilikuwa chumba cha tisa, nimepiga magoti na tochi,
nikamsikia.
Hilo halimo kwenye ripoti. Ripoti haina mstari wake.

Fundi alipokwisha kuunga waya wa chumba cha tano,
kabla hajarudisha ubao, nikamwomba penseli.
Chini ya Opolot nikaandika:
Sasa umefika. Nimesoma.
Kisha skrubu, nikihesabu hadi kumi na nane,
na ukuta ukanyamaza tena.