Kistari, Nukta, Kistari

Babu yangu Tinkasimire, pale Butiaba,
hakuwa na ng'ombe wa kuhesabiwa.
Alikuwa na kidole.
Cha shahada, mkono wa kulia,
ncha yake ngumu kama kwato ya mbuzi.

Kwa kidole hicho aliita Pakwach
usiku stima ilipolala ubavu
na ziwa likapanda ngazi bila kubisha hodi.
Aliita. Akaita tena.
Upande wa pili mtu alikwenda kula,
au betri ilikufa, au ni mvua tu.
Hakuambiwa.

Akaelea juu ya mlango hadi Mahagi.
Ocaki, mpishi, alishika ncha ya pili ya mlango ule,
kwa muda.
Hilo alilisema mara moja, akichambua maharage,
halafu akaomba chumvi.

Serikali ilimpa saa
na barua yenye jina lililokosewa.
Saa aliiuza. Barua ikawashia jiko.

Lakini ulipotoka shule
na jambo limekukwama kooni,
hakuuliza.
Alisogeza kikombe chake, akagonga meza:
kistari, nukta, kistari.
Herufi moja tu, hutumwa kwa aliye mbali:
sema, nipo, nasikiliza.
Ndiyo aliyoingoja usiku kucha,
vifaa vya kusikilizia masikioni,
maji magotini.

Nilikuwa na miaka tisa
na shilingi ya sadaka ndani ya soksi.
Akagonga.
Nikatazama kile kidole,
nikasema yote.