Robo Mzunguko

Imekuja juzi, siti bado ina nailoni,
nami nimeshaifungua uani, hapa Pasua,
vyuma vimelala juu ya kiroba cha salfeti.
Mama mwenye nyumba anachungulia:
"Nsiande, mpya hiyo! Unaivunjia nini?"

Siivunji. Aliyeiunda
alimpimia mtu mwingine, mrefu,
mwenye kiganja kama sinia.
Vidole vyangu vya kushona
haviifikii klachi. Basi nauvuta waya,
nalegeza nati, nakaza,
nalegeza tena.
Sponji ya siti nimeipunguza kwa kisu cha mkate,
inchi mbili. Sasa nyayo zote mbili zinagusa Moshi.

Kabureta ndiyo yenye maringo.
Alfajiri, baridi ikishuka kutoka mlimani,
inakohoa kama mlevi wa mbege.
Nainama, sikio karibu, bisibisi mkononi:
robo mzunguko kushoto, inanuna.
Rudi. Nusu ya ile robo.
Hapo,
hapo inapumua
kama cherehani yangu ikipita kwenye pindo.

Kibosho wananingoja na magauni ya kipaimara.
Kilima kile hakibembelezwi;
sproketi ya nyuma nimeiongezea meno mawili,
mbio nimeziuza, nimenunua nguvu.

Jioni nafunika boksi la spana.
Juu ya kiroba imebaki skrubu moja,
ndogo, inang'aa, haina kwao.
Naitazama pikipiki. Nayo inanitazama.
Skrubu naitia mfukoni, pamoja na vifungo,

napiga kiki.