Deni la Nabintu

Mwalimu Zihindula aliandika ubaoni neno la Kiingereza,
mimi nikaandika nafsi.
Mashine haikubisha. Kwake jina ni jina tu,
mradi litangulie ndani ya mabano,
kabla ya franga, kabla ya tarehe.

Ilikuwa likelemba ya mama, pale Kadutu:
wanawake kumi na mmoja na daftari moja
lililolowa mvua ya Machi,
wino umetiririka, Nsimire hajui kama alichanga.
Nikachora umbo moja, nikaliita Mwanachama,
nikalipa kazi tatu: kuchanga, kukopa, kulipa.
Wakatoka humo kama matofali katika kalibu,
ila huyu anauza sambaza, huyu makala,
na kila mmoja anaitika kwa jina lake.

Umeme ulikatika mara mbili.
Saa tano usiku nikajaribu:
Nabintu, kopa elfu ishirini.
Akakopa.
Nsimire, unadaiwa?
Elfu ishirini.
Nsimire! Asiyekopa hata chumvi.
Cibalonza, elfu ishirini. Mama pia.

Nilitafuta kosa mpaka jicho likawasha.
Mstari mmoja. Orodha ya madeni nimeiacha juu,
mlangoni pa umbo,
wote wanachovya chungu kimoja.
Ilitakiwa iwe ndani,
pale kila mmoja anapozaliwa:

        nafsi.madeni = []

mabano matupu, kikapu chake na mkono wake.
Nikauliza upya. Nabintu, elfu ishirini.
Wengine, sifuri, sifuri, sifuri.

Mama alikuwa anachambua maharage kwa tochi ya simu.
Nikamsimulia huku nacheka.
Hakucheka.
"Mtoto wa Nabintu alipopona,
hospitali ilimzuia siku tisa, mpaka alipe.
Tulilipa sote.
Unafikiri tuliandika wapi?"
Akatupa jiwe dogo nje, akaendelea kuchambua.

Sikuurudisha mstari ule.
Nsimire hawezi kudaiwa kwa sababu ya uzembe wangu.
Lakini juu kabisa, kabla ya kazi zote,
nimeongeza neno

    mfuko = 0

bila nafsi mbele yake.
Jumapili wanakutana. Sijui kama nitawaonyesha,
au nitangoja waulize.