Kifuniko cha Nyuma

Dadi, nimekiona.
Kilikuwa droo ya chini, kimelaliwa na risiti za umeme
na picha za pasipoti ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua.
Cheusi, chepesi, kina mchubuko ukingoni
pale ulipokitumia kufungulia soda
siku ya mahafali ya Kitangari.

Lenzi umeondoka nayo. Ni yako,
uliinunua kwa msimu mzima wa kubeba magunia ghalani,
sina neno.
Lakini toka Newala hadi Masasi naijua njia ile,
na vumbi lake jekundu linaloingia hadi ndani ya mkate uliofungwa.

Cha mbele hukukisahau. Cha mbele hakisahauliki,
mbele ndiko wateja wanakotazama, wakajiona wamepinduka
wadogo kama punje kwenye kioo.
Nyuma nani atakuona?
Mwanga hubisha hodi mbele, Dadi,
lakini nyuma ndiko unakokaribishwa ndani.

Kuna jambo sikukwambia.
Ilikuwa Juni, kabla hujaja kwangu, watu wanapuliza salfa mikoroshoni,
upepo unaleta umanjano hadi kwenye kope.
Niliiacha lenzi kitandani, kitako wazi
kama mtoto mchanga anayepungwa upepo,
dakika chache tu, nikampokee mteja.
Niliporudi nikaona unga.
Nikafuta kwa upindo wa kanga.
Upindo ulikuwa na chembe ya mchanga.

Doa likakaa. Kulia, juu kidogo, kijivu,
kama alama ya kidole iliyooshwa nusu.
Likakaa kwenye paji la bibi harusi wa Mnyambe.
Likakaa kwenye tumbo la mwenyekiti wa chama cha msingi,
naye akadai nimemchafulia suti.
Likakaa angani, huko halikumkera mtu.
Wari kumi na mmoja waliotoka unyagoni,
nikawapiga mmoja mmoja, na halikukosa hata mmoja.
Mama wa Mahuta akaniuliza kwa sauti ya chini
ni nani yule aliyesimama nyuma ya mwanawe.
Nikasema ni mwanga.
Akalipa, akaikunja picha katikati, akaisukuma kifuani.
Sijamwona tena.

Lenzi mpya ilikuwa bei ya bati ishirini.
Kwa hiyo kwa miaka miwili nikawa nawaambia watu,
sogea kushoto kidogo, hapo, tena kidogo,
mpaka doa libaki peke yake ukutani.
Wewe ukaja, ukakuta nafanya hivyo,
ukadhani ndio ufundi.

Sasa sikiliza.
Kabla hujaitoa lenzi, kifuniko kiwe tayari mkononi,
usikitafute baadaye kama mtu anayetafuta kiberiti gizani.
Kipulize kwanza chenyewe, ndani:
kifuniko chenye vumbi ni mwizi uliyemkabidhi funguo.
Kamera itazame chini.
Zungusha hadi kilie, tik.
Kisipolia, hakijafunga, hata kama kimeshika.
Na usikitie mfuko mmoja na sarafu.

Nimekiosha, nimekikausha kivulini,
nimekitia kwenye soksi mpya, soksi kwenye bahasha,
bahasha nimempa Nandonde wa basi la alfajiri.
Atakuachia pale kwa muuza vocha, ulipe mia tano.
Yale tuliyoambiana siku ile
kuhusu mgawo wa harusi ya Luchingu
hayamo humu. Nilijaribu kuyaandika, karatasi ikaisha.

Lingine.
Wanaotoka huko wananisimulia
kuwa una studio nzuri, pazia la bluu, taa mbili,
na kwamba kila anayekaa kwenye kiti
unamwambia asogee kushoto kidogo.

Dadi, lenzi yako haina doa.
Waache watu wakae walipokaa.