Tao la Ingutia

Mgeni akiingia kanisa letu la Shirulu
huinua kichwa kabla hajapiga ishara ya msalaba.
Ndivyo lilivyokusudiwa: matao yanapanda
hadi yakutane kwa ncha, kama viganja
ambavyo vidole vyake tu ndivyo vinagusana.

Tao la kwanza alilijenga babu, Ingutia,
aliyerudi kutoka migodi ya Kakamega
na kikohozi, dhahabu hakuna.
Bruda Kornelis alimwonyesha kadi ya posta:
kanisa la kwao, la miaka mia saba,
limesimama ndani ya ukungu.
"Nani alilijenga?" babu akauliza.
Bruda akaigeuza kadi. Nyuma
palikuwa na stempu tu.

Wakaanza. Udongo wa Isiukhu ulikanyagwa na ng'ombe,
ukakatwa, ukaanikwa, ukachomwa kwa kuni za msituni.
Na kwa kuwa tao halijiwezi kabla ya kukamilika
waliliundia mbao za kulilalia,
mifupa ya kuazima,
masika yote na vuli yake.

Siku ya kuzitoa, watu walikaa mbali, kwenye mahindi.
Mvua ya mawe, ile ya saa tisa, ilikwisha nguruma.
Bruda alisema kwao, zamani,
fundi mkuu ndiye husimama chini.
Babu akavua kofia, akaingia.
Akagonga kabari ya kwanza. Ya pili.
Tao likashuka unene wa ukucha,
likaguna kama mzee anayeketi,
likakaa.

Nyanya Mukabwa, aliyebeba maji ya udongo ule
miezi kumi na minne, hakuisimulia hivyo.
Alisema babu alikuwa amesahau nyundo ndani.

Juzi nilipanda kuziba ufa.
Popo, vumbi, msumari wenye kutu.
Kwenye tofali la ncha kabisa,
upande ambao muumini hauoni,
nikakuta alama ya dole gumba, imechomwa humo humo.
Nikaweka langu. Halikuenea.
Na babu, wote wanajua,
alikuwa na mikono kama majembe.

Jiwe la msingi lina jina la askofu.
Nikakoroga chokaa, maana saruji ya duka
haipatani na ukuta wa umri ule,
nikaziba hadi ukingoni mwa dole, nikaacha.

"Umebakisha?" padri aliniita kutoka chini.
"Kidogo tu," nikasema.